Bolti kubwa haiokoi tofali laini

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya ujenzi ilimjibu msomaji aliyetaka kuweka ghorofa ya mbao ndani ya duka lake kwamba anunue rawobolti za milimita 16, atoboe ukuta, kisha akaze “mpaka spana ikatae”. Ushauri huo unafaa ukuta wa zege. Kwenye matofali ya kuchoma, ambayo ndiyo yamejenga sehemu kubwa ya maduka na nyumba zetu hapa Uganda, ni njia ya uhakika ya kupasua ukuta, na inafaa msahihishe kabla watu hawajaufuata.

Rawobolti hushika kwa kusukuma. Ukikaza nati, koni iliyo mwisho wa bolti huvutwa ndani ya ganda, ganda hutanuka, na kinachozuia bolti isitoke ni msuguano kati ya ganda hilo na kuta za tundu. Zege la lenta (mkanda wa zege unaolazwa kwenye kuta juu ya milango) au la nguzo huhimili msukumo huo bila taabu. Tofali lililochomwa kwenye tanuru la kienyeji halihimili, hasa yale yaliyokaa pembezoni mwa tanuru ambako moto haukufika sawasawa. Ukikaza, ganda linazama kwenye tofali na nati inazidi kuzunguka. Fundi anadhani bado haijakamata, anaongeza nguvu, na tofali linapasuka katikati. Mara nyingi ufa huo hauonekani kwa sababu umefunikwa na lipu au na ubao wenyewe. Kuchagua bolti nene zaidi kunaongeza tatizo, kwa kuwa tundu linakuwa kubwa na tofali linabaki na nyama kidogo.

Watu wengi huangalia uimara wa chuma, na hapo ndipo wanapokosea. Bolti ya milimita 12 ya daraja la kawaida la nguvu, 4.6, hukatika ikivutwa kwa takriban tani 3.4. Tofali laini huiachia kwenye kilo mia chache tu. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe ukubwa wa bolti. Liwe ni ukuta wa namna gani.

Kama matofali bado yako chini, yagonganishe mawili mawili: lililoiva hutoa mlio mkali, bichi hutoa mlio mzito usioendelea. Ukuta ukishasimama, bandua lipu sehemu mbili tatu, kwaruza tofali kwa ncha ya msumari, kisha toboa kwa keekee ya milimita 8 huku umezima nyundo ya drili. Keekee ikizama sentimita 5 kwa kusukumwa kidogo tu, hilo ni tofali laini, wala usilifikirie kwa rawobolti. Kwaruza na mota iliyo kati ya matofali. Ikimomonyoka kwa kidole, basi usitegemee bolti yoyote iliyopita kwenye kiungo. Matundu yote yaangukie katikati ya tofali zima.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuvuta. Funga bolti moja ya majaribio kwenye ukuta huohuo, kwa njia ileile utakayotumia kazini. Simamisha mtaimbo ukutani, ncha yake ya chini iegemee kwenye kipande kigumu cha mbao, bolti iunganishwe na mtaimbo sentimita 15 juu ya egemeo hilo, kisha funga mizani ya kuning’iniza, ile ya sokoni, sentimita 135 kutoka egemeo, uivute kuelekea nje. Mizani ikisoma kilo 20, bolti inavutwa kwa kilo 180, kwa sababu mkono mrefu ni mara tisa ya ule mfupi. Shikilia dakika tano. Bolti ikisogea hata kidogo, au vumbi likianza kudondoka kuzunguka tundu, ukuta umekataa na njia nyingine itafutwe. Fanya hivyo sehemu tatu tofauti, maana tofali la tanuru moja halifanani na jirani yake. Na asiwepo mtu mbele ya mtaimbo.

Kwa nini kilo 180? Chukua sakafu ya chumba cha kulala yenye upana wa mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa watu na samani hesabu kilo 150 kwa kila mita ya mraba, ongeza kilo 50 za mbao zenyewe, jumla 200. Kila ukuta hubeba nusu ya upana, mita 1.5, yaani kilo 300 kwa kila mita ya boriti ya ukutani, ule ubao wa inchi 6 kwa 2 unaolazwa ubavuni mwa ukuta ili upokee maboriti ya sakafu. Bolti zikiwekwa kila sentimita 45, kila moja inabeba kilo 135 kwenda chini. Lakini mzigo haukai kwenye uso wa ukuta. Unakaa mbele kidogo, kwenye uso wa ubao. Kwa hiyo ubao unataka kupinduka, na bolti inavutwa nje kwa kiasi kinachoweza kufika takriban kilo 90. Jaribio la kilo 180 ni maradufu yake.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa lile duka la msomaji wenu. Mtu akipanga magunia 10 ya sukari ya kilo 50 kwenye mita moja ya mraba, hiyo tayari ni kilo 500. Pamoja na mbao, ukuta unapokea zaidi ya kilo 800 kwa kila mita, na kila bolti karibu kilo 370. Kwa tofali laini hilo siyo jambo la kuchagua bolti. Simamisha nguzo za mbao au za chuma kando ya ukuta, kila moja na msingi wake, boriti ikae juu ya nguzo. Ukutani zifungwe bolti chache za kuzuia isiyumbe tu. Fundi anayekataa kuning’iniza ghala kwenye tofali anastahili kusikilizwa, hata kama jirani kafanya hivyo na bado hapajaanguka.

Kwa sakafu ya kawaida na kwa paa la baraza, njia tunayoipendekeza kwanza kwa matofali ya kuchoma ni ya zamani na haina siri: chuma cha hesi, chenye njia ya nati urefu wote, cha milimita 12 kinachopenya ukuta wote na kukamatwa upande wa pili na bamba. Hapo tofali halisukumwi kwa ndani. Linabanwa kati ya bamba na ubao, na kubanwa ndiyo kazi ambayo tofali linaiweza. Bamba liwe la sentimita 10 kwa 10, unene milimita 6, tundu katikati. Mafundi chuma wa Katwe wanakata na kutoboa mabamba ya namna hiyo kutoka kwenye vipande vilivyobaki. Washa ndogo ya kawaida upande wa nyuma haifai. Itazama kwenye tofali siku ya kwanza ya kukaza.

Vyuma vya hesi vya urefu wa mita 1 vinahitaji hesabu kidogo kabla ya kukatwa. Ukuta wa sentimita 23, ubao wa sentimita 5, bamba, washa na nati mbili, vyote pamoja vinakaribia sentimita 31. Ukigawa chuma mara tatu unapata vipande vitatu vya sentimita 33, vinatosha, ila kwa sharti moja: lipu ibanduliwe chini ya ubao na chini ya bamba ili vikae kwenye tofali lenyewe. Ukiacha lipu pande zote mbili unahitaji sentimita 34 au zaidi, na chuma kimoja kinatoa vipande viwili tu. Kubandua lipu kuna faida nyingine kubwa zaidi: lipu ya sentimita 1.5 au 2 haibebi kitu, na bolti inayopita kwenye lipu laini inakuwa imening’inia hewani kiasi hicho, ikipinda kila mzigo unapoongezeka. Bamba la nyuma litafunikwa tena kwa lipu, ukishalipaka rangi ya kuzuia kutu.

Mfano wa manunuzi. Boriti ya ukutani ya mita 4, bolti ya kwanza na ya mwisho sentimita 10 kutoka ncha, nafasi kati yake sentimita 42 hivi, inataka bolti 10. Hizo ni vyuma vinne vya mita 1 na vinabaki vipande viwili vya akiba, mabamba 10, washa pana 10 na nati 20. Washa ya upande wa mbao iwe na kipenyo kisichopungua milimita 36 na unene wa milimita 3; ile inayouzwa pamoja na bolti ya 12 ina milimita 24 tu na huzama kwenye msonobari.

Kwenye ubao, panga matundu kwa zamu, moja sentimita 5 kutoka ukingo wa juu, linalofuata sentimita 5 kutoka ukingo wa chini. Usiyapange yote kwenye mstari mmoja, ubao utapasuka kufuata nyuzi zake. Toboa ubao kwanza ukiwa chini, uinue, uweke kwenye mihimili ya muda, pima usawa, toboa ukuta kupitia tundu la kila ncha, funga hizo mbili, ndipo utoboe mengine. Tundu lisizidi bolti kwa zaidi ya milimita 2. Fundi anayetoboa tundu la milimita 18 ili “bolti iingie vizuri” anaiachia sakafu nafasi ya kushuka kabla bolti haijaanza kubeba.

Pale usipoweza kufika upande wa pili, kwa mfano ukuta wa mpakani na jirani, tumia chuma hichohicho cha hesi kwa gundi ya kemikali ya kwenye mrija. Gundi haitanui tofali, ndiyo maana inafaa palipo na udhaifu. Lakini inaadhibu uvivu. Tundu la milimita 14, kina cha sentimita 10 ndani ya tofali bila kuhesabu lipu, lipigwe brashi ya waya mara mbili, lipulizwe mara mbili, kisha yote yarudiwe. Pampu ya baiskeli iliyofungwa mpira mwembamba unaofika mwisho wa tundu inafanya kazi nzuri. Mdomo hautoshi, na vumbi lote linaishia machoni. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi badala ya kushika tofali, na bolti inatoka ikiwa imevaa ganda la gundi zuri kabisa. Gundi ya mwanzo inayotoka kwenye mrija itupwe mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Jaza theluthi mbili ya tundu kuanzia ndani, ingiza chuma kwa kukizungusha, kisha usikiguse mpaka muda uliochapwa kwenye mrija uishe. Kwenye joto letu gundi nyingi huanza kuganda kwa dakika chache, basi usijaze matundu yote kumi ndipo uanze kutafuta vyuma. Na angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Mrija uliokaa dirishani juani hatungeununua hata kwa nusu bei.

Matofali ya udongo yenye matundu, kama yale ya Kajjansi, na bloku za saruji zenye uwazi ndani, yana kanuni yake. Nyundo ya drili izimwe kabisa, la sivyo kuta nyembamba za ndani zinavunjika na unachokuta ni shimo. Rawobolti haina cha kusukuma humo. Gundi peke yake inamwagika ndani ya uwazi. Kinachotakiwa ni gundi pamoja na soksi ya wavu ya plastiki inayoingizwa kwanza, gundi ikajazwa ndani yake kuanzia mwisho, chuma kikiingia kinaisukuma itoke kwenye wavu na kukamata nyuma ya kuta za tofali. Hesabu gharama mapema: mrija wa mililita 300 unatosha matundu 25 hivi kwenye tofali zima, lakini karibu 10 tu ukitumia soksi. Hata hivyo, kwa sakafu, njia bora kwenye bloku zenye uwazi ni kutafuta lenta na kufunga hapo.

Kwenye lenta, sasa, rawobolti inapata heshima yake. Milimita 12, sentimita 8 ndani ya zege, mbali na ukingo wa zege kwa sentimita 10 au zaidi, nayo inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Hapo ushauri wenu ulikuwa sahihi, ila “mpaka spana ikatae” ufutwe: kila pakiti ina kipimo cha kukaza.

Misumari ya zege na fisha za plastiki, vile vijiganda vya kupokelea skrubu ukutani? Za rafu na waya za umeme. Kuna sehemu moja tu ya paa ambapo fisha inakubalika, tutaitaja.

Paa linataka kueleweka vingine, kwa kuwa adui yake huja kutoka chini. Dhoruba ya kasi ya mita 30 kwa sekunde inasukuma kwa takriban kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Mabati na mbao zake, kwa paa jepesi, havifiki kilo 15. Baki ya kilo 40 na zaidi inainua. Kwa jengo la upana wa mita 6 lenye mabati yaliyotokeza sentimita 60, kila mita ya ukuta inavutwa juu kwa karibu kilo 155. Mtambaapanya, yaani mbao iliyolazwa juu ya ukuta, kwa kawaida hufungwa kwa waya wa kusukia nondo au kupigiliwa misumari kwenye tofali la mwisho. Tofali hilo halina uzito juu yake. Likivutwa linakwenda na paa. Hata lenta isikupe usingizi: zege la sentimita 23 kwa 20 lina uzito wa kilo 110 kwa mita, pungufu ya mvuto huo, kwa hiyo lenta iliyolazwa juu ya mota bila kufungwa chini inaweza kuinuka pamoja na mbao.

Dawa ni mkanda wa chuma wenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 2.5, kila mita 1.2, uzunguke juu ya mtambaapanya na kupigiliwa misumari mitatu kila upande, kisha uteremke mita 1 ndani ya ukuta wakati wa kujenga, mwisho wake ukiwa umekunjwa chini ya tofali. Ukuta wa sentimita 23 una uzito wa karibu kilo 410 kwa mita ya mraba, basi mita 1 ya kimo inashinda mvuto huo zaidi ya mara mbili. Kwa jengo ambalo limeshasimama, mkanda uleule ubandikwe usoni mwa ukuta kwa skrubu nne na fisha za milimita 10, ya chini kabisa isizidi sentimita 15 kutoka mwisho wa mkanda. Hapo fisha zinafaa kwa sababu mkanda unazielemea kwa ubavu, hauzivuti nje. Makombamoyo, yaani mbao za mteremko zinazobeba paa, nayo yafungwe kwa mtambaapanya. Mkanda mzuri chini hauna maana ikiwa juu kuna msumari mmoja uliopigwa kwa mshazari.

Wasomaji wa Kasese, Fort Portal na Bundibugyo waongeze jambo moja. Mitetemeko ya Toro ya 1966 na ya Februari 1994 ilionyesha kile ukuta wa tofali unachofanya usipofungwa na sakafu au paa: unaangukia nje. Bolti inayopenya ukuta na bamba lake inazuia hilo pale maboriti yanapokutana nao kwa ncha. Kwa ukuta unaokwenda sambamba na maboriti, mkanda wa milimita 30 kwa 5 ulazwe juu ya maboriti matatu ya kwanza, vipande vya mbao vikikazwa kati yake, kila mita 2. Bila vipande hivyo mkanda unavuta boriti moja tu, nayo inalala.

Mbao zenyewe. Nyingi za msonobari na mkaratusi zinazouzwa Ndeeba na kwingineko zinatoka kiwandani zikiwa mbichi. Ubao wa sentimita 5 ukikauka unapungua milimita 2 au zaidi, na nati iliyokazwa vizuri siku ya kwanza inaanza kuzunguka kwa vidole. Usiifunike kwa dari kabla ya kuikaza tena baada ya miezi mitatu, na tena baada ya kiangazi kimoja kamili. Kati ya ubao na ukuta weka ukanda wa karatasi ya lami au nailoni nzito, kwa kuwa ukuta wa tofali hunyonya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye mbao, na mbao yenye unyevu huita mchwa.

Mbao iliyotiwa dawa ya kijani yenye shaba hula zinki nyembamba. Bolti zinazong’aa kwa rangi ya fedha au ya manjano zina zinki kidogo sana. Chagua zile zenye rangi ya kijivu iliyofifia na uso unaokwaruza mkono, zilizochovywa kwenye zinki moto. Nati za namna hiyo zinunuliwe pamoja na chuma chake, kwani nati ya kawaida haiingii kwenye hesi iliyonenepa. Chuma kisichoshika kutu kinachosifiwa na mafundi wa pwani ya Kenya ni kwa ajili ya chumvi ya bahari. Ziwa Victoria halina chumvi hiyo, na mwenye nyumba Entebbe asiuziwe kwa bei hiyo.

Wenu,
Mafundi wa uashi na paa,
Jinja